Kinga ya mwili si ngao tu, ni kijinga cha moto pia

Wiki hii nalipa deni. Miaka kadhaa iliyopita daktari mmoja wa watoto, ambaye nilimfundisha Kiswahili enzi nikiwa bado mwalimu wa shule ya upili, aliniletea karatasi ya maelezo kuhusu ugonjwa wa pumu. Ilikuwa ya Kiingereza. "Mwalimu, nitafsirie hii," akaniambia. "Wazazi wanaipokea, wanaikunja, wanaitia mkobani. Basi. Hakuna anayeisoma."

Nilikaa nayo jioni moja tu. Niliiona kazi rahisi kwa mtu wa umri na shahada zangu. Niliandika kwamba pumu hutokana na uvimbe katika mapafu, na kwamba dawa ya kuvuta yenye steroidi hupunguza kinga ya mwili ndani ya mapafu hayo. Sarufi ilikuwa safi. Nikajipongeza, nikamrudishia karatasi yake.

Baada ya miezi miwili daktari akanipigia simu. Mama mmoja aliisoma tafsiri yangu yote, neno kwa neno, kisha akaacha kumpa mwanawe dawa. Mtoto aliletwa usiku wa manane akihema, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, akalazwa siku nne. Alipona, tunashukuru. Mama alipoulizwa kwa nini aliacha dawa, alitoa karatasi kutoka mkobani. "Hapa mmeandika mtoto ana uvimbe. Tena mmeandika dawa inampunguzia kinga. Mimi naujua ugonjwa wa kupunguza kinga, daktari. Nilimzika dada yangu kwa huo."

Msomaji, mama huyo hakukosea. Alikisoma Kiswahili kama kinavyosemwa. UKIMWI ni kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na kwa zaidi ya miaka thelathini redio, mabango na mimbari zimetufundisha kwamba kinga ikipungua mtu anakwenda. Kuhusu uvimbe, fungua gazeti lolote uone linavyotumika: "uvimbe kwenye ubongo", "uvimbe kwenye titi". Neno hilo limeelekea kwenye saratani. Kwa hiyo nilimwambia mzazi kwamba mwanawe ana kitu kama saratani kifuani, na kwamba tiba yake inafanana na UKIMWI. Nani angempa mtoto dawa hiyo?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za pumu na kinga kama mtu anayesomea mtihani alioshindwa. Nimegundua kwamba utafiti wa miaka ya karibuni unalivuruga neno letu kinga kuliko nilivyodhani.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kukinga ni kuzuia kitu kisifike: mtu hukinga jua kwa mkono. Tena ni kutega chombo kitu kiingie: tunakinga maji ya mvua kwa ndoo. Kutokana na maana ya kwanza tumepata kinga ya mwili, tukaichora kama ukuta au ngao. Ngao haina madhara. Kadiri inavyokuwa nene ndivyo bora, na ndiyo maana mitaani tunauziwa kila aina ya unga na majani ya "kuongeza kinga". Lakini Kiswahili kina kinga nyingine, ile ya methali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hiyo ni kipande cha ukuni kinachowaka, na udogo wake ni kijinga. Ni maneno mawili yenye sauti moja, wala sidai kwamba ni ndugu. Ila kwa mgonjwa wa pumu, kinga ya methali ndiyo inayosema ukweli zaidi.

Katika pumu, mwili hukutana na kitu kisicho na hatari kubwa, tuseme chavua ya maua, vumbi la godoro lenye wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, au manyoya ya paka, ukakichukulia kuwa adui. Nadhani kila Mkenya ameona kinachotokea mtu mmoja anapopaza sauti sokoni: "Mwizi!" Umati unakuja mbio, hauulizi swali, na hatimaye kinachoteketea ni kibanda cha watu. Ndivyo chembe nyeupe za damu zinavyojazana kwenye kuta za njia za hewa. Kuta zinavimba, zinatoa makohozi mazito, na misuli inayozizunguka inakaza. Mgonjwa anabaki akivuta pumzi kupitia tundu jembamba kama mrija wa soda. Yaani kinga yake haijapungua hata kidogo. Imezidi, na imekosa wa kuituliza.

Hali hiyo ya kuta kuvimba na kuwaka, Waingereza waliipa jina lenye asili ya Kilatini linalomaanisha kuwasha moto. Celsus, mwandishi Mroma wa karne ya kwanza, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Neno lake la uvimbe lilikuwa tumor, ambalo leo kwa Kiingereza nalo limehamia upande wa saratani. Kumbe Kilatini kilipita njia ile ile uliyopita uvimbe wetu. Nilifarijika kidogo, ingawa faraja hiyo haikumsaidia mtoto aliyelazwa.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo maisha ya watu yalipo. Wagonjwa wengi nchini wanaijua inhela moja, ile ya rangi ya bluu. Ndani yake mna salbutamol, iliyoingia sokoni mwaka 1969. Inalegeza misuli inayobana njia za hewa, na nafuu huja baada ya dakika chache. Mgonjwa anaipenda, na ana haki. Lakini haigusi ule moto ukutani. Mwaka 1972 ilikuja inhela ya pili, yenye steroidi iitwayo beklometasoni, ambayo mara nyingi huwa na kifuko cha rangi ya kahawia. Hii haileti nafuu ya papo hapo. Inazima moto polepole, siku baada ya siku. Unaweza kutabiri yaliyofuata: watu waliishika ya bluu, wakaiacha ya kahawia kabatini.

Kwa takriban miaka hamsini madaktari duniani waliikubali hali hiyo kwa wenye pumu nyepesi. Mwaka 2019 jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, lijulikanalo kwa kifupi GINA, lilibadili msimamo. Lilisema mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe tena kwa dawa ya bluu peke yake, kwa sababu nafuu yake humficha mgonjwa huku moto ukiendelea, na siku moja anashikwa vibaya mbali na hospitali. Badala yake ilipendekezwa inhela moja yenye vitu viwili: budesonidi, ambayo ni steroidi, na formoteroli, inayofungua njia za hewa haraka. Ukibanwa unavuta, na kila unapovuta unapata kifungua njia na kizima moto pamoja.

Msingi mmoja wa uamuzi huo ni utafiti uitwao SYGMA 1, uliochapishwa mwaka 2018. Ulihusisha wagonjwa 3,849 wa pumu nyepesi kwa mwaka mmoja. Waliotumia mchanganyiko huo walipobanwa walipata mashambulizi makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kufungua njia peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na wengine 455,000 walikufa kwayo, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Pumu haikuzidi huku kwetu kwa sababu ya hewa pekee. Dawa ya kuzima moto haifiki, au inafika na bei isiyoshikika, au inafika na mtu kama mimi anaitafsiri vibaya.

Neno steroidi nalo lina mzigo wake. Katika nchi ya wanariadha, tunalijua kutoka kurasa za michezo, likiandamana na marufuku ya miaka minne na medali kurudishwa. Steroidi za kujenga misuli ni jamii nyingine kabisa. Zile za pumu zinafanana na homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo hutengeneza kila siku mwilini mwako. Tena kiasi ni kidogo. Mvuto mmoja wa kawaida wa budesonidi una mikrogramu 200. Vidonge vya prednisoloni anavyopewa mtu mzima aliyezidiwa hufika miligramu 40 kwa siku, yaani mara mia mbili ya kiasi hicho, na hivyo huzunguka mwili mzima wakati mvuto unakwenda mapafuni zaidi. Mgonjwa husukutua mdomo kwa maji baada ya kuvuta ili asipate utando mweupe mdomoni. Maelezo haya yanaingia katika mistari minne. Mimi niliyaruka, kwa kuwa karatasi ya Kiingereza nayo iliyaruka.

Je, mwili wenyewe hauna wa kuituliza kinga? Unaye. Tarehe 6 Oktoba 2025, Tuzo ya Nobel ya tiba ilitangazwa kwa Mjapani Shimon Sakaguchi na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell kwa kazi inayohusu swali hilo hilo. Mwaka 1995 Sakaguchi alionyesha kwamba kuna aina ya seli T ambayo kazi yake si kushambulia bali kuwazuia wenzake wasishambulie. Wakati huo wanasayansi wengi walikuwa wamechoka na wazo hilo na kulitupa. Mwaka 2001 Brunkow na Ramsdell, wakichunguza panya wa ukoo fulani waliokuwa wakizaliwa wagonjwa, walipata jeni iliyoharibika, wakaipa jina Foxp3. Baadaye Sakaguchi na wengine walithibitisha kwamba jeni hiyo ndiyo inayozitengeneza seli tulizi. Mtoto anayezaliwa na Foxp3 mbovu hushambuliwa na kinga yake mwenyewe: matumbo, kongosho, ngozi, na mara nyingi huwa na ukurutu mkali na mizio ya chakula.

Nikirudi kwenye umati wangu wa sokoni, seli hizi ni wale wazee wa mtaa wanaosimama kati ya vijana na mshukiwa na kusema, ngojeni kwanza, tumuulize. Nimezipa jina seli tulizi. Nimeona mahali pengine zikiitwa "seli T dhibiti", na sina ugomvi, ingawa kwa sikio langu kudhibiti ni kazi ya askari, na kutuliza ni kazi ya mzee.

Kuna chembe nyingine ambayo jina lake limenipa raha isiyo na faida yoyote. Mwaka 1879 Mjerumani Paul Ehrlich alipaka damu rangi nyekundu iitwayo eosini, akaona chembe nyeupe fulani zikiinywa rangi hiyo mpaka zikang'aa. Akaziita eosinofili, wapenda eosini. Na eosini imetokana na eos, neno la Kigiriki la mapambazuko. Basi ndani ya mapafu ya wagonjwa wengi wa pumu mna chembe wapenda alfajiri, na wagonjwa hao wanajua vizuri kwamba saa hizo za kuelekea alfajiri ndizo zinazobana zaidi. Ni sadfa tu. Msije mkanukuu.

Eosinofili ndizo zilizolengwa na utafiti uliotoka Novemba 2024, ukiongozwa na Mona Bafadhel wa King's College London. Wagonjwa 158 waliozidiwa ghafla na pumu, au na ugonjwa sugu wa mapafu unaohusishwa zaidi na sigara, na ambao damu yao ilikuwa na eosinofili nyingi, waligawanywa. Baadhi walipewa vidonge vya kawaida vya steroidi. Wengine sindano moja ya benralizumab, kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo huzimaliza eosinofili. Baada ya siku 90, tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 74 ya waliopewa vidonge pekee, na kwa asilimia 45 ya waliopata sindano. Ni hatua kubwa, maana tiba ya kuzidiwa kwa pumu haikuwa imebadilika kwa miongo. Lakini sindano za namna hiyo ni ghali mno, na sitamwahidi mtu wa Kibera au Kakuma kitu ambacho hatakiona leo. Nikipewa shilingi moja ya umma, nitaitia kwenye inhela ya kuzima moto.

Nimebakiza jambo la nano, ambalo wasomaji wawili waliniulizia. Nano ni Kigiriki pia, kwa maana ya kibete. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Karatasi ya gazeti ina unene wa takriban nanomita laki moja, nasi tunazungumzia vitu vya kuanzia moja hadi mia. Kamusi yetu ya Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990. Mwaka uliofuata Mjapani Sumio Iijima akaeleza mirija ya kaboni yenye upana wa kipimo hicho. Ndivyo sayansi inavyotufanyia: ukifunga kamusi, inagonga mlango.

Tuite vipi vitu hivi? Nimeona "nanochembe", ambayo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili hutanguliza kitu, kisha sifa: garimoshi, batamaji, kingamwili. Kwa hiyo mimi husema chembenano.

Chembenano zinahusiana na pumu kwa njia tatu, na ya kwanza haitoki maabara. Ni masizi. Moshi wa dizeli, wa makaa na wa kuni umejaa chembe zilizo chini ya nanomita mia, ambazo nywele za pua haziwezi kuzizuia. Mwaka 2007 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila Mkenya apandaye matatu angelielewa. Watu wazima 60 wenye pumu walitembea saa mbili katika Oxford Street, barabara iliyokuwa ya mabasi na teksi za dizeli tu, na siku nyingine saa mbili katika bustani ya Hyde Park iliyo karibu. Uwezo wa mapafu yao ulishuka zaidi barabarani, na kilichoandamana na mshuko huo kwa uthabiti ni chembenano na kaboni ya masizi. Hakuna aliyewapa kitu cha kunusa. Walitembea tu.

Ya pili ni vitu vinavyotengenezwa kwa makusudi. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni ya nano ikitiwa katika tumbo la panya huleta madhara yanayofanana na ya asbesto. Hilo ni onyo kwa viwanda na kwa watakaozitupa taka zake, na tayari tunajua taka za wenzetu huishia wapi.

Ya tatu ni ya matumaini. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna tulizodungwa hapa zilibebwa ndani ya vitone vya mafuta vya takriban nanomita mia moja. Mwaka 2023 watafiti wa UCLA, chini ya Andre Nel, walitumia vitone vya aina hiyo kupeleka maagizo ya kutengeneza kipande cha protini ya njugu karanga kwenye ini la panya wenye mzio. Ini limezoea kupitiwa na vyakula vya kila namna bila kugombana, kwa hiyo panya walifunzwa kuvumilia, na waliposhushiwa njugu hawakuzidiwa kama wenzao. Ni panya, tena ni njugu wala si pumu. Ila tazameni kinachofanyika: chombo kile kile kilichotumika kuiamsha kinga kinatumika kuilaza. Baada ya hapo, neno "chanjo" litamaanisha nini? Sina jibu la wiki hii.

Nilirudi kliniki kuiandika upya karatasi, safari hii sikukaa mezani peke yangu. Tulikaa na daktari, muuguzi mmoja, na wazazi sita kwenye benchi la nje. Mama yule alikuwapo, na mwanawe akirukaruka. Niliwasomea rasimu yangu mpya, yenye "dawa ya kinga", kwa maana ya dawa ya kuzuia. Muuguzi akacheka: "Mwalimu, sasa ni dawa ya kinga inayotuliza kinga?" Nikaikata.

"Mzee," mama akaniambia, "si useme tu? Hii ya bluu inafungua. Hii ya kahawia inazima. Kila siku unazima, hata kama huoni moshi."

Daktari aliongeza mstari wa kusukutua mdomo, na mwingine unaosema kwamba dawa hii haileti UKIMWI wala haihusiani nao. Neno uvimbe halimo. Tuliandika kwamba njia za hewa "zimevimba na zinawaka ndani". Baba mmoja aliuliza kama jiko la makaa lihamishwe kutoka chumba anacholala mtoto, nasi tukaona tumesahau jambo hilo kabisa, likaingizwa juu kabisa ya ukurasa.